Saa ya Kila Siku Mwanza: Anza na Fundi

Mtu anayetaka kununua saa nzuri ya mkononi, ile ya kuvaa Jumatatu hadi Jumapili, kwa kawaida huanza na jina. Tissot au Longines? Seiko au Tudor? Baada ya jina huja rangi ya uso, kisha bei. Mwisho kabisa, pengine miaka mitano baadaye, huja swali lililopaswa kutangulia: nani ataifungua saa hii siku itakapohitaji kufunguliwa? Mkazi wa Geneva au Dubai halimsumbui, kwa kuwa kituo cha matengenezo kiko mtaa wa pili. Kampuni kubwa za Uswisi hazina kituo kama hicho Mwanza, na ndiyo maana hapa swali hilo linayapita mengine yote kwa uzito. Ukianza nalo, majibu ya mengine yanabadilika: maji, kioo, mashine, ukubwa, hata mahali pa kununua.

Tuelewane kwanza juu ya bei. Sizungumzii saa za shilingi elfu ishirini zinazotandazwa Makoroboi, wala zile za makumi ya mamilioni ambazo wafanyabiashara wachache wa dhahabu wanaweza kuzimudu. Nazungumzia za katikati: kuanzia kama milioni moja na nusu, ambako unaikuta Tissot otomatiki, hadi milioni kumi na kidogo, ambako Tudor inakaa. Seiko za daraja la juu na Longines ziko kati ya hapo. Kwa mhadhiri wa chuo kule Nyegezi, muuguzi wa Bugando au mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, bei ya chini ya kundi hili ni kama nusu ya bodaboda mpya, na ya juu inanunua bodaboda tatu. Fedha ya namna hiyo haitolewi bila kufikiriwa, na anayeitoa anastahili saa itakayomtumikia miaka ishirini. Jambo hilo linawezekana kabisa. Chuma kizuri hakichoki upesi. Kinachoiua saa ni maji, vumbi, mafuta yaliyokauka ndani, na mkono wa mtu aliyeifungua bila vifaa.

Tuanze na maji, maana mji huu umekaa juu ya maji. Nyuma ya saa nyingi kumeandikwa mita 30, 50, 100 au 200, na wengi huisoma namba hiyo kama ruhusa ya kuzama hadi kina hicho. Sivyo. Namba hiyo inatokana na jaribio la kiwandani, ambamo saa mpya, iliyotulia, huwekewa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji ya kina hicho. Mkono unaokata maji kwa nguvu, bomba linalofoka, mvuke wa maji ya moto bafuni, hayo hayamo katika jaribio. Kwa matumizi ya kawaida, mita 30 ni mvua na kunawa mikono. Mita 50 zinavumilia kulowa zaidi ya hapo, lakini mimi nisingeogelea nazo. Mita 100 ni za kuogelea. Mita 200, ikiwa saa imefuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6425, ni za mzamiaji. Ziwa Victoria lenyewe, mahali pake penye kina kirefu kuliko pote, lina kama mita 80 tu, na kwa sababu ya kichocho wapo wengi ambao hata ufukweni hawapendi kukaa majini muda mrefu. Kwa anayevuka kwa kivuko cha Kamanga, anayerushiwa maji kwenye boti ya kwenda visiwani, au anayenyeshewa akiwa nyuma ya bodaboda, mita 100 zinamtosha. Zaidi ya hapo analipia ndoto ya kuzamia, na uzito wa ziada mkononi.

Lakini ndani ya suala la maji kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Chuma peke yake hakizuii maji kuingia. Kazi hiyo inafanywa na oringi, pete nyembamba za mpira zilizowekwa chini ya kifuniko cha nyuma, kuzunguka kioo, na kwenye shina la kile kifungo cha pembeni cha kurekebishia majira. Mpira huo unazeeka. Jasho, sabuni na joto huukausha hadi unakuwa mgumu na kupoteza unyumbufu. Kila kifuniko kinapofunguliwa, iwe ni kwa kubadilisha betri tu, oringi zinapaswa kukaguliwa, kupakwa grisi ya silikoni au kubadilishwa, kisha saa ipimwe kwa mashine ya mgandamizo kuona kama inavujisha. Fundi akifungua kwa ncha ya kisu, akaweka betri na kubana kifuniko kwa kidole gumba, namba iliyoandikwa nyuma haina maana tena. Saa ya mita 200 iliyofunguliwa hivyo ni dhaifu kuliko ya mita 50 ambayo haijaguswa.

Tuna nafuu moja hata hivyo. Ziwa letu ni la maji baridi. Wenzetu wa Dar es Salaam na Unguja wanapambana na chumvi, ambayo hukaa kwenye viungo vya mkanda na kula taratibu hata chuma cha pua. Ukisafiri pwani ukaingia baharini na saa yako, isuuze kwa maji ya bomba jioni hiyohiyo. Ukirudi Mwanza, adui mkubwa ni jasho lenyewe, na huyo anaondoka kwa mswaki laini na sabuni kidogo mara moja kwa wiki.

Kuhusu kioo sina mjadala mrefu: chukua cha safaya, yaani yakuti inayotengenezwa kiwandani. Sababu iko mbele ya macho ya kila anayeishi hapa. Mawe ya Mwanza, kuanzia Jiwe la Bismarck hadi yale yanayobeba nyumba za vilimani, ni matale, na ndani ya matale kuna kwatzi. Mawe hayo yanapomomonyoka, punje za kwatzi zinabaki kwenye mchanga na vumbi la barabarani. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10 kwa almasi kama zile za Mwadui, kwatzi ina 7. Kioo cha kawaida cha saa hakifiki hapo. Kiko kama 5 na nusu au 6. Safaya ina 9. Maana yake, ukipitisha kiganja juu ya kioo cha kawaida kilichoshika vumbi la Igoma au Buzuruga, unakichora mwenyewe bila kujua, na safaya haichoreki kwa vumbi hilo. Inaweza kuvunjika ikigongwa kwa nguvu, hilo ni kweli, ila baada ya miaka kumi ya kuvaliwa kila siku tofauti kati ya vioo hivi viwili inaonekana kutoka upande wa pili wa meza. Kwa sababu hiyohiyo, mwili wa saa uliopigwa msasa unaficha mikwaruzo vizuri kuliko ule uliong'arishwa ukang'aa.

Kwatzi ileile ndiyo inayoendesha saa za betri. Kipande chake kidogo kikipitishiwa umeme hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa huhesabu mitetemo hiyo. Seiko ilitoa saa ya mkononi ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani, Astron, tarehe 25 Desemba 1969, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa. Saa ya kawaida ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Otomatiki inatembea kwa springi inayojikaza kwa mwendo wa mkono, na gurudumu la mizani linalopiga, katika mashine nyingi, mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kila sekunde. Hata ile iliyopimwa na kupewa cheti na taasisi ya Uswisi ya COSC inaruhusiwa kuchelewa sekunde nne au kuwahi sekunde sita kwa siku. Kwa usahihi peke yake, betri inashinda, na ya bei rahisi inaishinda ya bei ghali. Anayechagua otomatiki anachagua ufundi: kitu kinachotembea bila umeme, kinachoweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa tena na mjukuu wake. Ni sababu nzuri, nami naiheshimu, mradi mnunuzi ajue kwamba ndiyo anayoilipia.

Sasa tunafika mahali ambapo jina la mashine lina uzito kuliko jina lililo usoni. Otomatiki za kundi hili la bei zinagawanyika, kwa mtazamo wa mtu aliye mbali na kituo, katika makabila mawili.

Kabila la kwanza ni la mashine za kawaida, zinazotumiwa na kampuni nyingi kwa pamoja. Kuna ETA 2824 ya Uswisi na pacha wake Sellita SW200, kuna Miyota ya Japani iliyo chini ya Citizen, na kuna mashine za Seiko zenyewe. Fundi aliyesomea kazi anazijua kwa macho. Vipuri vyake vinazunguka Nairobi na Dubai, na ikibidi mashine nzima inaweza kubadilishwa kwa fedha inayovumilika. Oris, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1904, hutumia Sellita kama msingi wa mashine yake iitwayo 733, iliyomo katika saa nyingi za Aquis. Hilo, kwetu, ni sifa.

Kabila la pili ni la mashine za kampuni moja. Longines nyingi za sasa zinatumia L888, ambayo ETA huitengeneza kwa ajili ya Longines tu. Inatembea saa 72 bila kuvaliwa na springi yake ya mizani ni ya silikoni, hivyo haisumbuliwi na sumaku ya spika au ya mkoba wa simu. Tudor Black Bay 58, iliyotoka mwaka 2018, ina mashine yenye cheti cha COSC inayotembea saa 70. Ni mashine bora kuliko za kabila la kwanza. Tatizo ni kwamba vipuri vyake haviuzwi ovyo kwa fundi wa nje. Ikiharibika inapanda ndege, na huduma kamili kituoni inafika mamia ya dola. Dhamana ya miaka mitano, ambayo Longines huitoa kwa otomatiki zake na Tudor kwa saa zake, inamfaa yule mwenye njia ya kuifikia: anayekwenda Dubai kuchukua mzigo kila mwaka, au mwenye ndugu wa kuaminika aliyeko Muscat.

Kati ya makabila hayo inasimama Tissot. Mashine yake ya Powermatic 80 imejengwa juu ya ile ETA ya zamani, ila mapigo yamepunguzwa hadi 21,600 kwa saa moja ili springi idumu saa 80. Faida yake ni ya kweli. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumatatu asubuhi unaikuta inatembea, wakati ETA ya saa 38 ingekuwa imesimama Jumapili saa mbili asubuhi. Lakini kasi yake hurekebishwa kiwandani kwa leza, na kile kijiti ambacho fundi husogeza kuiharakisha au kuichelewesha saa hakimo. Fundi wa kawaida akiifungua hana pa kushika. Hilo halinifanyi niikatae. Linanifanya nimshauri mnunuzi aiangalie kwa macho mawili PRX ya betri ya Tissot hiyohiyo, yenye sura sawa na PRX otomatiki, kioo cha safaya na mita 100 za maji, kwa karibu nusu ya bei ya otomatiki.

Kabla ya kulipa, basi, nenda kwa fundi saa unayemfikiria na umuulize mambo ya msingi. Ana mashine ya kupima maji? Ana kile kifaa cha kuondoa sumaku, ambacho kwa otomatiki inayowahi dakika nzima kwa siku ndicho dawa mara nyingi? Ana kipimo cha kusikiliza mapigo? Anafungua kifuniko kwa ufunguo wake wa meno au kwa koleo? Katikati ya mji wapo mafundi wenye meza ndogo za vioo ambao mikono yao ni ya ajabu kwa utulivu, watu waliojifunza kwa baba na wajomba zao, na wengi watakueleza ukweli kuhusu wanachokiweza na wasichokiweza. Mwenye kusema "hii siiwezi, mzee, ipeleke Dar" ni hazina. Mpe kazi zako ndogo zote. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo andika tarehe ya kila ufunguzi, kilichobadilishwa na aliyebadilisha. Siku ukitaka kuiuza saa, karatasi hiyo ina thamani yake.

Kwa wanaoishi visiwani hesabu inabadilika tena. Mwalimu wa Nansio, Ukerewe, au afisa uvuvi wa Kome hana sababu ya kubeba otomatiki ya Uswisi. Saa ya sola, kama Eco-Drive za Citizen, hugeuza mwanga wowote kuwa chaji na haihitaji kubadilishiwa betri kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa kuwa haifunguliwi mara kwa mara, oringi zake zinabaki kama zilivyotoka kiwandani kwa muda mrefu, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hata mwanga wa bure. Watu wa mjini huzidharau saa hizi kwa sababu bei zao zinaanzia chini ya kundi letu. Wanakosea. Zipo za titani, nyepesi, zenye kioo cha safaya, zinazostahili kuvaliwa harusini.

Mambo ya sura nitayapitia upesi. Pima mkono kabla ya kupima saa: upana wa milimita 38 hadi 41 unawatosha wanaume wengi, na kinachotazamwa hasa ni kama ncha za juu na chini, pale mkanda unaposhikia, zinatoka nje ya mfupa wa mkono. Zikitoka, saa ni kubwa, hata jirani aisifu vipi. Kina mama wasilazimishwe kuchukua saa ndogo zenye mawe ya kung'aa na mashine dhaifu. PRX ya milimita 35 ni saa kamili kwa kila kipimo. Mkanda wa ngozi ni mzuri ofisini lakini jasho linaumaliza, hivyo kwa kila siku chukua chuma au mpira. Na dhahabu: tunaishi karibu na Geita, tunaijua ikiwa halisi. Saa ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu ina tabaka ambalo unene wake ni sehemu za elfu za milimita. Likitoka kwenye kona halirudishiki. Usinunue dhahabu ya rangi kwa fedha ya chuma kizuri. Chuma kitupu pia kinakupitisha sokoni na kwenye daladala bila kuvuta macho ya watu.

Anayefanya biashara na Kigali, Bujumbura au Goma anaweza kufaidika na saa yenye mshale wa nne unaoonyesha majira ya nchi ya pili, kwa sababu kule wako saa moja nyuma yetu. Kisumu na Kampala hakuna haja. Ziwa zima linatembea kwa majira mamoja.

Mahali pa kununua panarudi kwenye swali la fundi. Saa bandia za siku hizi zina otomatiki ya kweli ndani, kwa hiyo ule ushauri wa zamani wa kutazama kama mshale wa sekunde unateleza au unaruka haukulindi. Kinachokulinda ni duka linalotambuliwa na kampuni, kadi ya dhamana yenye tarehe na namba ileile iliyochongwa kwenye saa, na risiti. Maduka yasiyotambuliwa ya Dubai huuza saa halisi kwa bei ya chini, ila mengine hukupa dhamana ya duka badala ya ya kampuni, na dhamana ya duka la mbali ni karatasi tu kwa mtu wa Nyakato. Bei nayo uipime vizuri: mtalii anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi ya asilimia 5 ya Falme za Kiarabu anapoondoka, lakini saa ya thamani hiyo inapaswa kutamkwa forodhani ukiingia nyumbani, ambako VAT ni asilimia 18 na ushuru wa forodha uko juu yake.

Nikiulizwa leo na mtu wa Mwanza mwenye milioni tatu na hamu ya otomatiki, namwonyesha Seiko Prospex SPB143, iliyotoka mwaka 2020: milimita 40.5, mita 200, safaya, mashine ya Seiko inayotembea saa 70. Usahihi wake wa kiwandani hauvutii, maana inaruhusiwa kuwahi sekunde 25 kwa siku, lakini kijiti cha kurekebishia kimo, na fundi mzuri huipunguza. Jambo jingine linaloniridhisha ni upana wa kawaida wa mkanda, milimita 20. PRX na Aquis zina mikanda ya umbo la pekee; ukikatika, unaagiza. Mkanda wa milimita 20 unaupata hapahapa mjini. Akishanunua, fundi atatoa pingili kadhaa za mkanda ili saa ikae vizuri mkononi. Pingili hizo na pini zake aziombe zote, azifunge kwenye kikaratasi, azirudishe ndani ya boksi pamoja na kadi ya dhamana.